Kidole Juu ya Pamba

Daktari wa meno wa pale Kitale hana haraka. Akishadunga sindano ya ganzi, huinua mdomo wa mgonjwa na kuutazama ufizi mpaka uwe mweupe, maana adrenalini iliyo ndani ya dawa hubana mishipa na damu hupungua. Hapo ndipo hushika koleo.

Jumatatu alikuja Mama Chepkosgei kutoka Endebess. Daktari alimpima presha, akangoja, akapima tena, akaikuta bado iko juu; adrenalini ingeipandisha zaidi, basi akaiweka kando sindano aliyokuwa ameiandaa na kuchukua ganzi isiyo na adrenalini.

"Hii haizuii damu, mama. Itatoka."

"Si utoe tu, daktari. Nimechoka nalo."

Jino liling'oka, na damu ikaja kweli. Mama akaionja, akafumba macho. Daktari aliweka pamba, akaikandamiza kwa kidole chake mwenyewe. Nesi alipochungulia kusema foleni imefika nje, daktari alitikisa kichwa tu. Mama alikisikia kidole kile hakisogei, nusu saa nzima. Daktari alipoitoa pamba, damu ilikuwa imekatika.

"Nenda pole pole, mama," akasema, akivikunjua vidole vyake vilivyokakamaa kwa mkono wa pili.