Mkeka wa Amuri

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya mpunga ya Kabambare. Ndani ya nyumba ya wageni, Nuru, mtunzaji wake, ameketi karibu na kuni zinazofuka moshi, akimtazama mpagazi aliyelala. Uji umeiva zamani. Hataki kumwamsha, lakini subira inamwishia.

Mpagazi huyo ni Abedi. Aliingia jana jioni na msafara kutoka Ujiji, akitetemeka kwa homa. Mvua ilikuwa ikivuja kila chumba na mikeka yote imelowa. Mmoja tu ulikuwa mkavu, ule uliofungwa kwenye boriti juu ya moshi. Kwa miaka kumi na mmoja Nuru hakumruhusu mtu kuugusa. Jana aliushusha mwenyewe.

Ni mkeka wa Amuri, mume wake.

Mwaka huu wa 1891 nyumba yenyewe imechoka, kuta zimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Ilijengwa miaka ya sabini iwe ghala la pembe za ndovu, na katika chumba cha nyuma walifungiwa watu waliokamatwa vijijini. Nuru anakijua. Ndimo alimolala usiku wake wa kwanza mjini, msichana mdogo aliyeletwa kwa kamba kutoka nchi ya Bulega.

Mwenye ghala alipofariki, mwanawe Hemedi alifungua milango na kupokea wasafiri. Nuru alibaki kuwapikia. Kwao, husema, hapakubaki mtu wa kurudia. Ujira wake ni chakula na doti mbili za kitambaa kwa mwaka, na chumvi kidogo Hemedi akiamka vizuri.

Nyumba ina desturi yake. Msafiri anayetegemea kurudi huukunja mkeka wake, akaufunga na kuupandisha kwenye boriti. Tena watu wa hapa wanaamini kwamba mkeka hushika ndoto za mwenyewe. Ukiulalia, utaota anayoyaota yeye, popote alipo. Ila mkeka wa marehemu hauna ndoto.

Amuri aliupandisha wake asubuhi aliyobeba pembe kwenda Ujiji. Hajarudi. Hemedi amezoea kumtania Nuru kwamba mumewe amenenepa huko kwa samaki wa ziwani, aushushe tu mkeka, wageni wanalala chini. Nuru hucheka, kisha huupangusa vumbi na kuuacha palepale. Hata yeye hajawahi kuulalia.

"Niliogopa," anajisemea kwa sauti ya chini. "Nilale, nione giza tupu. Nitafanya nini kesho yake?"

Jana, alipoona meno ya Abedi yanagongana, alishindwa kuutetea woga huo. Usiku kucha amesikiliza pumzi za mgeni, akijaribu kukisia kinachopita nyuma ya macho yale.

Sasa Abedi anajinyoosha. Homa imeshuka. Nuru anampa uji, anamwacha anywe mafunda mawili, ndipo anauliza.

"Baba, uliota nini?"

Abedi anafikiri kwa uaminifu. "Hapana kitu, mama. Nililala tu. Tangu Ujiji sijalala vile."

Nuru anageukia ukuta na kulia bila kujificha. Abedi anaomba radhi asijue kosa lake. Hemedi, aliyesikia kutoka barazani, anaingia na kusema polepole kwamba homa nayo inaweza kula ndoto za mtu. Safari hii hatanii.

Jua limetoka. Abedi, kwa adabu ya wasafiri, anaanza kuukunja mkeka na kuitazama boriti. Nuru anamshika mkono.

"Acha chini," anasema. "Kesho kuko wageni wengine."

Anaunyoosha pembe moja iliyojikunja. Msimu wa mvua ukiisha, anasema, atamsumbua Hemedi waezeke paa upya, kisha atautandika hapa mlangoni kwa kila atakayeingia amechoka.

"Na kama Amuri iko njiani," anasema, "atakuta mukeka yake na joto ya watu."