Macho ya Mama Kerubo

Nilipokuwa mtoto kule Manga, niliogopa macho ya Mama Kerubo kuliko nilivyoogopa nyoka. Alikuwa jirani yetu, mjane asiye na makuu, mchumaji chai hodari. Lakini bibi yangu alisema ana ebibiriria: akimtazama mtoto mchanga, takataka ndogo ndogo huvutwa zikaingia ndani ya ngozi yake, naye akaugua. Si mchawi, bibi alisisitiza. Alizaliwa hivyo tu. Basi akipita, mtoto afunikwe.

Sabato moja, nikiwa na miaka tisa, nilisimama mbele ya kanisa nikakariri fungu linalosema jinsi Mungu alivyoupenda ulimwengu hata akamtoa Mwanawe wa pekee. Sikukwama hata neno moja. Niliponyoosha mikono kuonyesha ukubwa wa huo ulimwengu, watu waliitika "Amina!" nami kichwa kikavimba kama andazi.

Ibada ilipokwisha mvua ilianza kunyesha, tukabanana mlangoni. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu Mokua, wa miezi mitatu, nimemviringishia shali mbili. Mama Kerubo akanisogelea akitabasamu.

"Umesema vizuri sana, mwanangu. Lete mtoto nikusaidie, umechoka."

Nikapiga kelele: "Usimwangalie! Bibi amesema una macho mabaya!"

Kanisa zima lilisikia. Mzee wa kanisa akajifanya anatafuta mwavuli. Mama yangu, ambaye angenichapa kwa kukosa tu kumwamkia mtu mzima, hakunikemea; alimchukua Mokua, akamfunika uso. Mama Kerubo akajitanda leso kichwani, akatoka kwenye mvua. Hakukanyaga tena kanisani kwetu.

Jioni Mokua akatokwa na vipele. Bibi alimpaka siagi, akamkanda taratibu ili kuzitoa zile takataka, akasema, "Niliwaambia." Nami, Mungu anisamehe, nikajiona shujaa. Leo nimelea, najua vipele vya joto nikiviona. Shali zile mbili nilimfunga mimi.

Sasa naishi Ogembo, na ndimi mwalimu wa watoto kanisani. Fungu lile nawafundisha kila mwaka. Nawaambia ulimwengu maana yake ni kila mtu, hata yule ambaye hamtaki kuketi naye. Watoto wananiamini.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani na binti yangu mchanga, nikiwa nimekusudia kumwomba Mama Kerubo msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno, na nilitaka nimpe mtoto ampakate. Nilikutana naye kwenye kijia kati ya mashamba ya chai, amekonda, kikapu mgongoni, anapanda kilima polepole. Kabla sijafungua mdomo, mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukavuta shali juu ya uso wa mtoto.

Aliuona ule mkono. Akageuka upesi, akasimama ameukabili mchai, mgongo kwetu, hadi nikaona aibu ya kupumua.

"Pita, mwanangu," akasema. "Sijamwangalia."

Nikapita. Fungu lile bado nalijua neno kwa neno, na maneno ya msamaha ningali nayo yote, sijatumia hata moja.