Mahali pa Kumlaza Mama

Siku hizi watu huniuliza namna ya kununua nyumba. Wananiuliza kwa kuwa nilinunua zamani, tena nikiwa mwanamke, na wanadhani kuna ujanja nimewaficha. Mtu aanze kwa nani? Nani aweke sahihi? Atajuaje kwamba kesho hatatokea mtu akasema pale ni pake? Huwa nawasimulia niliyoyaona kijijini Ijumbi, kwetu Wahaya, miaka ile ya ujamaa, na wengi huondoka hawajaridhika, maana walitaka kusikia habari za mhuri.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya Rubya, nikikaa na mama katika chumba kimoja cha kupanga. Baba alipofariki kule Rubafu, kibanja chake, yaani migomba, mibuni na nyumba, kilikwenda kwa mdogo wake, kwa sababu mama alikuwa amezaa binti tu, nami ndiye huyo binti. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza kwa fimbo. Ndivyo ilivyokuwa. Alirudi kwa kaka zake, akakaa huko kama mgeni asiyeondoka, kisha akanifuata mimi. Jioni moja, akimenya ndizi, aliniuliza bila kuinua macho, "Mwanangu, nikifa mtanizika wapi?"

Kwetu mtu huzikwa kwenye migomba yake. Kuzikwa kwingine ni kwa mpita njia, au mtu asiye na watu. Nilikuwa nimesoma, nilijua kumpokea mtoto aliyetanguliza miguu, lakini swali lile lilinishinda. Basi nikaanza kutafuta kibanja. Waliosema natafuta makuu walikosea. Nilikuwa natafuta jibu la kumpa mama.

Nilimpata mzee mmoja wa Ijumbi aliyefiwa na mkewe. Watoto wake walikuwa wamehamia Mwanza, naye alitaka kuwafuata. Tulipatana bei, nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikidhani hapo ndipo mwisho wa safari. Mwenyekiti alikuwa kijana, na hotuba hazikumwisha. Alinieleza kwamba ardhi ni ya taifa zima, haiuzwi wala hainunuliwi. Ninachonunua ni jasho la yule mzee, yaani migomba aliyoipanda, mibuni na nyumba. Nilipompelekea mama habari hizo alisema, "Sasa mimi nitazikwa ndani ya jasho?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alipomaliza hotuba, mwenyekiti alikumbuka kwamba yeye mwenyewe ni wa ukoo wa muuzaji. Sauti ikashuka. Akaniambia hawezi kuandika chochote mpaka ukoo ukae, kwa maana mtu hamuuzii mgeni kabla ndugu zake hawajaulizwa. Ndugu yeyote akiwa tayari kutoa bei ileile, kibanja ni chake. Na asipoulizwa leo, anaweza kuja kukidai hata baada ya miaka.

Siku ya kikao mimi na mama tulitangulia kufika kwa yule mzee. Nyumba ilikuwa msonge wa zamani, mkubwa, wenye giza la kupoza macho, lakini tangu mke wa yule mzee afariki sakafu ilikuwa vumbi tupu. Mama alishindwa kuvumilia. Wageni wanakuja, nyumba haina nyasi sakafuni! Alichukua mundu, akapanda hadi rweya, mbuga ya nyasi nje ya kijiji, akarudi na mzigo wa nyasi mbichi, akatandika msonge wote vizuri, akachana na kulaza mpaka harufu yake ikajaa ndani. Nilimsaidia kubeba na wala halikunijia wazo lolote.

Wana ukoo walipofika, wa mbele alisimama mlangoni, na wa nyuma wakasimama nyuma yake. Hakuna aliyeingia. Ndipo nikaelewa. Nyasi za ndani hutandikwa na mwanamke mwenye nyumba. Mtu akikanyaga nyasi ulizotandika, amekubali kwamba yuko kwako.

Mwana wa kaka yake yule mzee akasema, "Huyu ameshahamia. Kama ndivyo, bei hiyo naitoa mimi." Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Mama alisimama katikati ya msonge, mundu bado mkononi, na nilimwona amekuwa mdogo kabisa. Nilimkasirikia, nikajikasirikia.

Dada mkubwa wa muuzaji, bibi aliyepinda mgongo na aliyetembea kutoka mbali kwa fimbo, aliwapita wote akafika mlangoni. Alimuuliza mama kwa Kihaya, kwa upole, kwa nini amefanya vile.

"Waitu, niliona vumbi na wageni wanakuja," mama alijibu kwa heshima. "Nyumba isiyo na mwanamke, sikujua ni nani huwatandikia wageni."

Bibi akawageukia ndugu zake akasema kwamba kazi ile ilikuwa yake, yeye binti aliyezaliwa ndani ya msonge ule, na tangu wamzike wifi yake hakuifanya. "Huyu ametandika kwa mkono wangu," akasema. "Nyasi hizi ni zangu." Akavua viatu, akaingia, akaketi.

Nimewahi kuingia mahakamani Bukoba, nimewaona mawakili na majoho yao, lakini sijaona tena sheria ikifanya kazi namna ile. Kwa maneno machache kosa la mama lilikuwa limegeuka heshima ya ukoo. Na kwa kuwa dada mkubwa ameketi, nani angebaki amesimama? Waliingia mmoja mmoja, yule mwana wa kaka akiwa wa mwisho.

Bibi alimgeukia, akamuuliza kama kweli anakitaka kibanja, mkewe atakuja kesho kutandika humu? Yule bwana alijikuna shingo. Alikuwa na kibanja chake, tena kimejaa magugu, na kila mtu alijua. Akasema basi, amekiacha.

Tukatoka kuzunguka mpaka. Kwenye kila mulamula, ule mmea wa mpaka, walisimama wakataja aliyeupanda na jirani aliyeshuhudia, na majirani wakaitikia kutoka upande wao. Nilitembea nyuma yao kwa hofu njema, kama mtu anayefuata maandamano ya Ekaristi. Mwenyekiti aliandika kila kitu, pamoja na sharti la ukoo: makaburi yao yabaki, na njia ya kuyaendea isifungwe. Tulitafuna buni za kahawa, kama desturi yetu ya mapatano, na lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikapita kwa wote, sahihi zikawekwa.

Watu walipoanza kuondoka mama alimfuata yule bibi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama, siku yake ikifika, na yeye ataruhusiwa kulazwa pale. Bibi alimshika mkono, akampeleka kwenye migomba hadi kaburi la wifi yake, akagonga ardhi iliyo kando kwa fimbo.

Mama aliweka mundu chini. Akajilaza pale chalichali, mikono kifuani, macho kwenye majani ya migomba. Nilitaka kumwinua, bibi akanizuia. Mama alinyoosha miguu kama anayejipima.

"Pananitosha," akasema.

Kisha akainuka, akajipangusa udongo, akaniambia nikamtafutie jembe. Kwanza pale angepanda maharage.