Simbi Alizoagiza Tabita

Hezron Nzunda alipoondoka Ihanda mwaka 1936 kwenda kutafuta kazi pwani, mama yake, Tabita, alimwagiza kitu kimoja tu: simbi, yale makombe madogo yanayong'aa, ili yeye mama azishone kwenye mbeleko ya mjukuu atakayezaliwa.

Pwani akapata kazi ya mkokoteni wa taka. Kila asubuhi alizoa uchafu wa mji mzima, mikebe, chupa, mifupa na majivu, akaumwaga kwenye mikoko ili maji yakijaa yaubebe. Siku ya kwanza alikuta simbi tele hapohapo ufukweni penye mikoko. "Hazina miguu," akajisemea. "Nitaokota siku ya kurudi." Bwana afya naye akamsifu, maana mji uling'aa.

Miaka sita baadaye alishuka pale na kikapu. Maji yalikuwa yametoka, tope jeusi linanuka, mikoko imekauka. Alifukua mpaka jua likapanda, akaambulia vifuniko vya mikebe na soli za viatu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota chaza pale miaka yote alimtambua, akatema mate.

"Unatafuta nini, mtu wa mkokoteni? Ulichotuletea ndicho hicho. Kibebe uende nacho kwenu!"

Nyumbani, Tabita alikipokea kikapu, akakipindua, akakikung'uta. Hakikutoka kitu.

"Kwani simbi zimeisha baharini, mwanangu?"

Hezron hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, lakini siku hiyo aliinamisha.

"Hazikuisha, mama. Nilizifukia mimi, mkokoteni baada ya mkokoteni, huku nikisifiwa kwa usafi."