Sauti Iliyochelewa Kwenye Mdomo wa Mama Mdogo

Kijiji kizima kilimwona mama yangu mdogo akigawa chanzo cha maji.

Kilimwona kwenye simu. Klipu fupi tu. Mdomo unafunguka, sauti inatoka: "Sisi ukoo tumekubali. Chukueni tu."

Nami niliiona. Niliitazama mpaka chaji ikakata.

Sikuhisi kitu. Ile hasira yangu inayojulikana mji mzima, siku ile haikutokea.

Naitwa Fidelis. Nina kibanda cha kuhariri video Kihonda, huku mjini. Harusi, kipaimara, misiba. Sijasomea popote, nimejifunza kwa kuharibu.

Lakini kijijini kwetu, huko juu Uluguru, wananijua kwa domo. Mwekezaji alipoanza kukizungukia chanzo chetu akitaka kujenga hoteli, mimi ndiye niliyeposti bila kuchoka. Bibi alinisimulia mkoloni alivyowalazimisha kuchimba matuta, na walivyogoma. Vitu hivyo sisahau. Wanaoitaka ardhi yetu ndio wanaoomba tusahau.

Kwetu ardhi inapita upande wa mama, na neno la wanawake wa ukoo lina uzito. Ndiyo maana siku ya mkutano pale chanzoni akina mama waliketi mbele, wote wamevaa kitenge kimoja cha parokia. Mama yangu na mdogo wake Yuliana walikaa pamoja. Sauti zao, ukifumba macho, huwezi kuzitenga. Maji yanavuma, watu wanabishana, nani angejua kasema nani?

Basi klipu ikasema.

Wiki ile jumuiya ya sala, ambayo huzunguka nyumba hadi nyumba, iliruka nyumba ya mama mdogo. Hakuna aliyetangaza. Waliruka tu. Kabichi zake zikabaki kando ya barabara, fuso ikapakia za wenzake. Mjomba Gervas, msemaji wa ukoo, akaitisha kikao Jumapili. Ajenda moja: Yuliana anyang'anywe shamba la ukoo.

Nikapanda mlima kwenda kwake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekula?"

"Ile video wameichezea. Nitawaumbua."

"Iache, mwanangu."

"Niache vipi? Wanakuchukulia shamba!"

"Fide, nimesema iache. Si kila kitu cha kuposti."

Nikadhani amekata tamaa. Nikashuka zangu.

Aliyerekodi mkutano ni Evance, mpiga picha za harusi. Nikamvaa dukani kwake.

"Nani kakutuma uichezee?"

"Nichezee nini, bro? Nimepachika sauti kwenye picha, nikakata, nikatuma. Mwanzo mbona inaoana freshi? We kila kitu njama!"

Akanipa mafaili mabichi. Picha ya kamera mbali, sauti ya rekoda mbali.

Kweli, mwanzo ilioana. Mwenyekiti anasema "karibuni", mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Nikaruka mpaka mwisho, kwenye makofi ya kilo, yale ya watu wote kwa mpigo mmoja.

Viganja vikakutana kimya.

Sauti ikaja baadaye. Zaidi ya sekunde tatu.

Hapo nikajua hakuna aliyechezea. Ni uvivu tu.

Kamera ya Evance hupiga fremu, zile picha moja moja, 29.97 kwa sekunde. Yeye akaiambia programu ni thelathini kamili, na kompyuta haina ubishi. Ikaikimbiza picha kidogo, kidogo sana, sauti ikabaki na mwendo wake. Dakika za mwanzo huoni kitu. Baada ya saa nzima, picha imeshatangulia, na taimukodi, zile namba za muda, hazikubaliani tena na rekoda.

Maana yake mdomo uliouona si wa sauti uliyoisikia. Ni wa kilichofuata.

Nikarudisha fremu kwenye idadi yake ya kweli. Makofi yakalia pale pale viganja vilipokutana. Nimemwokoa, nikasema.

Nikarudi kwenye lile neno.

"Sisi ukoo tumekubali. Chukueni tu."

Mdomo wa mama mdogo umefungwa.

Uliofunguka ni wa mama yangu mzazi.

Kisha, pale Evance alipokatia klipu, mama mdogo anafunguka: "Dada! Watoto watachota wapi?"

Alikuwa anapinga. Sote tulimwona akipinga, tukamhukumu kwa kukubali.

Nje jirani alikuwa anachomelea geti. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Ningeweza kufuta lile faili, ni kitufe kimoja tu. Nililinakili kwenye flashi, nikaenda kulala.

Jumapili niliweka laptop juu ya kigoda mbele ya ukoo. Nikabonyeza.

"Rudia," mjomba Gervas akasema.

Nikarudia.

"Basi, inatosha," mama akasema. "Ni mimi. Sauti yangu siikani."

"Kwa nini, mama?"

Hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi.

"Kuna mtu alikuja nyumbani. Akasema ukoo ukigoma, wa kwanza kubebwa ni huyu mwenye domo. Akanionyesha posti zako moja moja. Maji tungetafuta kwingine, Fide. Wewe nimekuzaa mmoja."

Mjomba akamgeukia Yuliana. "Nawe ulijua?"

"Kaka, nilikaa ubavuni kwake, nikose kujua?"

"Ukawa tayari kupoteza shamba?"

"Mtoto ni wetu sote."

Kisha mjomba akanicheka, kicheko kikavu.

"Haya, mwanaharakati. Haki umeileta mwenyewe. Tumvue shamba mama yako?"

Mimi, mwenye maneno ya kujaza grupu zima, nikafunga laptop. Kikao kikavunjika bila kumvua mtu. Mama mdogo alimshika mama mkono wakateremka pamoja, polepole, kwa sababu njia ilikuwa na utelezi.

Sikulia. Mpaka leo sijalia.

Ndugu zangu, mkitumiwa klipu ya jirani yenu akiwauza, msikimbilie kumtazama aliyefungua mdomo. Ulizeni ni nani hakuonekana.

Nimeupekua mkutano ule fremu kwa fremu, mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyekwenda kumtisha mama yangu hayumo hata kwenye moja.