Vile tulichanganya mifuko ya viazi na simenti ndani ya shimo ya dhahabu

Bakubwa, amani kwenu wote.

Mimi ni Kahindo, wa Butembo. Kiswahili yangu ni ya huku kwetu, mutanivumilia: mais ni lakini, donc ni basi, njo ni ndiyo, juu ni sababu. Yenye naandika hapa niliiona na macho yangu, na kwenye nilishindwa nitasema pia.

Nilisoma mambo ya mines, kuchimba madini, hapa Butembo. Kisha masomo, mjomba wangu Kasereka alinipa kazi kwenye shimo yake ya dhahabu, upande wa Lubero. Yeye njo chef, mkubwa wa pale.

Mais kazi yangu ilikuwa ya huku juu tu: kupima mchanga, kuangalia maji. Kwetu banasemaka mwanamke akiingia chini, dhahabu inakimbia.

Kwa benye hawajui hii kazi: ukichimba, chini kunabakia chumba tupu. Katikati ya vyumba munaacha nguzo ya mawe, juu mlima isianguke. Na ndani ya ile nguzo kungali dhahabu. Donc munajaza chumba tupu na mchanga yenye ilibakia kisha kuosha dhahabu, munaichanganya na simenti kidogo. Ikikauka, munatoa nguzo. Ile ya kujaza tunaiitaka remblai, na sasa inapaswa kusimama ukuta yenyewe.

Yetu haikusimama.

Ilianguka mara moja, bila hata kulia. Kakule, creuseur, mchimbaji mwenye alikuwa karibu, ilimuvunja mguu. Alipona, mais hawezi tena kushuka chini.

Mjomba akasema basi. Tunafunga, tunaenda kutafuta shimo ingine ngambo ya Eringeti.

Barabara ya kule munaijua, banaua batu, sina haja ya kueleza. Bamama ba pale kambini balianza kulia mbele hata mizigo haijafungwa.

Nikamwendea mjomba.

“Mjomba, unipe nafasi nijaribu kitu moja.”

“Kitu gani? Kuongeza simenti? Camion ya simenti inashindwa kupanda toka mpakani Kasindi na hii matope. Utaibeba weye?”

“Hapana simenti. Mifuko.”

Aliniangalia sawa mutu mwenye homa.

Nilikuwa nimesoma kama nyuzi za plastiki, hata za taka, zinaweza kushikilia remblai. Na taka kwetu haikosi. Mifuko ya mchele, ya unga, ile ya viazi ya soko ya Musienene: ikipasuka tu, banaitupa mu mifereji ao banaichoma. Nilitangaza kanisani, bamama bakaniletea mpaka nikakosa fasi ya kuweka.

Kakule alikuwa anakaa bure, amekasirikia dunia. Nikamupa panga na gogo. Akaanza kukata mifuko ile.

Jaribio ya kwanza ilikuwa haya tupu. Tulikata nyuzi ndefu sawa kidole, tukatupa yote mu mchanganyiko mara moja. Zikajikunja, zikafanya matonge. Mjomba akapita, akachota na mwiko, akauliza:

“Sasa hii ni remblai ao ni sombe ya majani ya muhogo?”

Batu balicheka mpaka chini. Mi nilienda kuketi nyuma ya magazini ya vyombo, nikalia kidogo. Kisha nikarudi, juu mifuko ilikuwa ingali mingi.

Tulikata fupi zaidi, sawa kucha. Tukatawanya nyuzi kidogo kidogo mu mchanga kavu, tukisugua na mikono, njo tukaweka simenti, njo maji. Tukamimina mu bidon za mafuta zenye tulikata. Zingine tulimimina bila nyuzi, juu tulinganishe. Tukafunika na nguo ya maji, tukangojea.

(Kwa benye batajaribu: mufunge pua wakati wa kukata, na maji ya kuoshea muipitishe mu kitambaa. Tusitoe taka sokoni tuipeleke mu mto.)

Siku ya kupima, tulilaza kila kipande juu ya matofali mbili, mjomba mwenyewe akapanga mawe juu yake.

Ile bila nyuzi ilivunjika pa! Ikaanguka.

Ya nyuzi ilipasuka pia. Ilipasuka, bakubwa, sitadanganya. Mais haikuanguka. Ilikunjama, na ndani ya ufa ungeona nyuzi zimevutika, zinashika huku na huku.

Kakule aliiangalia wakati murefu. Akasema: “Siku ile kama ukuta ilinionyesha ufa sawa hii, ningelikimbia.”

Mjomba hakucheka tena.

Tukajaza chumba moja kidogo. Kisha kukauka, tukaweka miti ya kushikilia, bacreuseur bakaanza kutoa nguzo polepole. Mais nani ataingia kuangalia ukuta?

“Nitaingia mimi,” nikasema.

“Mwanamke haingie.”

“Mjomba, ile ufa nani ataisoma?”

Akavua kofia yake ya chuma, akanivalisha na mikono yake.

Chini kulikuwa joto. Ukuta ilikuwa na ufa mwembamba kwenye kona. Nikaipaka udongo laini juu, ikaukie pale. Ufa ikiendelea, udongo inapasuka, njo utajua. Kesho yake udongo ilikuwa muzima. Kesho ingine pia.

Mambo ya Eringeti, hakuna mutu aliyaongea tena.

Sasa musifikiri niliishia na sifa. Chumba ya pili tuliijaza vilevile, mais mvua ilinyesha sana na maji ikaingia nyuma ya ukuta. Asubuhi moja nikashuka na mjomba, nikakuta udongo imepasuka, na ufa inaingiza kidole.

Nikapaza sauti: “Mutoke!”

Benye balikuwa na madini mu mikono balianza kunung’unika, dakika moja tu, Kahindo, dakika moja. Mjomba akapiga kelele toka nyuma yangu: “Hamujasikia? Amesema mutoke!”

Balitoka. Huku juu Kakule aliita kila mutu na jina yake, na kila mutu akaitika.

Kisha, tungali tunapumua, tukasikia chini: buuu. Kipande kubwa ya ukuta imeshuka. Bacreuseur bakaketi mu majani. Moja akaanza kusali kwa sauti, tukaitikia wote, Bakatolika na Baprotestanti pamoja.

Mjomba alijipangusa uso. Akaniuliza tu: “Maji ile, tutaitoa namna gani?”

Kwa jioni tulikuwa tunachimba mufereji.

Yenye nilijifunza: nyuzi hazifanye remblai kuwa jiwe. Zinaifanya isianguke bila kukuambia. Mutu mwenye anatumika chini ya mlima, ile nafasi ya kukimbia ni maisha yake. Na maji isipotoka, hata nyuzi zitachoka.

Leo tunaendelea. Chumba ya tatu imejaa, bomba ya kutoa maji iko ndani.

Kama kuna mwenye alishajaribu nyuzi zingine, sawa za migomba ao za pneu, tairi za zamani, anieleze hapa chini, hata kama alishindwa. Na mwenye anaona nilikosea fasi fulani, aseme wazi. Kesho asubuhi batu bataingia kule, na mimi nitaingia mbele yao.