Niliupa Mwano Mgongo

Asubuhi baada ya marathoni yangu ya kwanza, kule Mwanza, niliamka kama mtu aliyekanyagwa na fahali. Kucha za vidole gumba vya miguu zilikuwa nyeusi. Mapaja yalikuwa yamekaza kama ngozi iliyowambwa juani. Nilikwenda chooni kinyumenyume, kwa sababu nikishuka kibarazani uso mbele, magoti yalichoma kama yamechomekwa visu. Mama aliniona, akashika kiuno.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna, mayu. Nimekimbia tu."

"Ulikuwa unafukuzwa na nini?"

Mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la saba, na katika miaka yote hiyo, mwalimu akiniita jina nilikuwa natazama miguu yangu mpaka amwite mwingine. Miguu ndiyo kitu pekee nilichojaliwa.

Kule Mwanza nilikaribia sana muda wa kufuzu lakini sikuupata. Bila muda huo huwezi kupewa nafasi katika mbio kubwa za jijini, zile ambazo kila mkimbiaji wa Simiyu anazitamani. Ilibaki nafasi moja mwaka huu: mbio za Maswa, miezi michache mbele. Kocha wangu, askari mstaafu wa hapa Bariadi, alinishika bega.

"Marathoni ni kipigo," alisema. "Aliyepigwa hakimbizwi. Wiki hii unatembea. Wiki ijayo unajikongoja, na si kwenye lami, kwenye udongo laini. Nikisikia umekaza mwendo, Maswa unaenda kushangilia."

Kwa hiyo wiki ya pili nikaenda kujikongoja upande wa Nkoma, mbali kidogo na nyumbani, kwenye njia ya ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha. Udongo mweusi ulikuwa laini, umejaa alama za kwato mbichi, na viatu vyangu vilizama juu ya kwato hizo bila kuniumiza. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu Mwanza miguu ilinitii.

Ndipo nikasikia mwano nyuma yangu.

Kwetu mwano ni yowe linalopigwa ng'ombe wakiibwa. Mwanamume akilisikia anaacha alichoshika, hata kama ni kijiko, anakimbilia linakotoka. Asipokwenda, sungusungu, walinzi wa kijiji, watamfuata kwake na fimbo. Nalijua hilo tangu nikiwa mchunga ndama.

Nilisimama. Kuitikia maana yake ni kukimbia kwa nguvu zote, kuruka miiba na mitaro, labda mchana kutwa, kwa misuli ambayo ilikuwa bado mibichi. Nikaiona Maswa inaondoka. Nikajiambia kile si kijiji changu, hakuna anayenijua, wapo wanaume wa kutosha. Nikaupa mwano mgongo, nikaendelea polepole na njia yangu.

Sikufika mbali. Filimbi zilianza, na nilipogeuka niliwaona wanaume wanakuja wakifuata njia ileile, wameinama wanasoma ardhi. Walisoma kwato za ng'ombe wao, na juu ya kila ukwato wakasoma kiatu changu. Mtu anayeswaga hukanyaga nyuma ya ng'ombe. Halafu wakainua macho, wakaniona mimi, na kaptula fupi, ninakwenda mbali na mwano.

"Huyo! Huyo hapo!"

Mwili haukuniuliza. Ulikimbia. Siku nyingine yoyote wasingeniona tena, lakini hata shamba la kwanza sikulimaliza. Msuli wa shavu la mguu wa kulia ulikaza ukawa jiwe, paja likafuata, nikaanguka kifudifudi katika pamba changa.

Wa kwanza kufika alinipiga fimbo mgongoni, fulana ikachanika pamoja na ngozi. Wa pili alikuwa na rungu.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Wenzako wako wapi?"

"Mtoto wa nani wewe? Sema!"

Nilifungua mdomo. Ulimi ulilala palepale ulipokuwa ukilala darasani.

"Bubu huyu!"

"Bubu wa mdomo tu, mikono inaongea!"

Ubapa wa panga ukanipiga sikioni, nikasikia mlio mrefu kama wa nyuki. Damu ikaingia jichoni. Kisha mmoja, kijana wa rika langu mwenye katambuga za tairi miguuni, akapiga kelele, "Miguu! Mvunjeni miguu, asiibe tena!"

Hapo ndipo nilipopigana. Nilikunja miguu yote miwili chini ya tumbo, nikailalia, nikawaachia mgongo, mabega na kichwa. Walipiga. Kila fimbo ilipotua niliikunja zaidi. Kijana yule aliingiza mkono, akavuta mguu wa kushoto nje kama mtu anayevuta mguu wa mbuzi anayechunwa, akautandika kwenye ugoko. Sauti ya mfupa niliisikia kwenye meno.

"Ngoja!" Alikuwa kamanda wao, mwenye koti la mvua na filimbi shingoni. "Hebu ngojeni. Mtu anayeuawa hufunika kichwa. Huyu kichwa ametuachia. Wewe, miguu yako ina nini?"

Nikatema udongo. "Nina mashindano," nilisema. "Maswa."

Walicheka, wengine mpaka wakashikilia fimbo zao wasianguke.

"Mashindano si ndiyo haya?" alisema yule wa katambuga. "Na umeshika mkia!"

Filimbi ikalia upande wa mto. Ng'ombe walikuwa wameonekana, pamoja na watu wawili. Wenye fimbo wakaondoka mbio, wengine wakiniruka pale nilipolala. Muda mfupi baadaye nikasikia kilichokuwa kinafanyika kule mtoni. Nilisikia fimbo, na mwanamume mzima akimwita mama yake, mara nyingi, kisha hakuita tena. Niliziba masikio, na nilijua kwamba wangechelewa kuwaona wale ng'ombe, sauti ile ingekuwa yangu.

Kamanda alikuwa amebaki. Alitazama viatu vyangu, akatazama alama kwenye udongo mpaka mwisho wa njia.

"Ungeitikia mwano, kijana," alisema, "tungekimbia pamoja."

Alikwenda kuchukua baiskeli yake, akanibeba nyuma hadi nyumbani.

Siku ya tatu walikuja na kondoo, yeye na wenzake wawili, kuomba radhi. Kamanda alivua kofia, akamwamkia mama, "Mwangaluka, mayu." Mama alikuwa anatwanga. Alichomoa mchi kwenye kinu, akampiga nao kwenye ugoko, mguu wa kushoto, mahali palepale.

"Sasa na wewe nenda ukakimbie," alimwambia. Halafu akapokea kondoo.

Mfupa ulikuwa umepata ufa tu, haukuachana. Lakini maumivu ya marathoni na maumivu ya fimbo si ndugu. Ya marathoni yanakaa miguu yote sawasawa, na kila siku yanapungua. Ya fimbo yanakaa mahali pamoja na kuita. Kocha alisema niiache Maswa. Nilitikisa kichwa. Akafunga ugoko wangu kwa bandeji, akaniapiza, akanipeleka.

Maswa tulikuwa wengi kwenye mstari. Kocha alinipangia nisimame mbele, maana saa huanza kuhesabu bunduki ikilia. Nilisimama mbele. Nikasikia nyuma yangu watu wakipiga piga miguu chini, wakihema, wakiitana. Jasho likanitoka kabla ya mbio. Nilitoka pale, nikapita katikati yao mpaka nikawa wa mwisho, nyuma ya mgongo wangu pakiwa na barabara tupu.

Nilikimbia vizuri kuliko Mwanza. Niliwapita watu toka kilomita ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini saa haikunisubiri pale nyuma, na muda wa kufuzu ulipita nikiwa naiona kamba ya kumalizia.

Kocha hakunigombeza. Aliniuliza, "Ulikwenda nyuma kufanya nini?"

Nilimwambia. Ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumwambia mtu.

Mwaka huu umepita. Kwa mwaka ujao kocha amesema miguu imeshapona, kilichobaki ni mgongo. Akataka kutafuta vijana wa mjini wakimbie nyuma yangu kila asubuhi. Nikamwomba amwite mmoja tu, wa kule Nkoma.

Alikuja na katambuga zake. Aliona haya kuliko mimi.

"Nikae wapi?" aliuliza.

"Nyuma."

Tuliondoka. Nilimsikia akihema, na katambuga zikipiga udongo, zikikaribia. Nilivumilia hadi kwenye kichaka cha kwanza, kisha nikageuka kutazama.

"Nipo tu," alisema. "Kimbia."